Fyuzi ya Honi

Waya wa gari ukianza kuungua haunuki moshi kama watu wanavyodhani. Kwanza hunuka kama nywele zilizopitiwa na kibatari, harufu ndogo inayogusa pua na kwenda zake, ukiitafuta tena huipati. Kisha hunuka kama ndara ya mpira iliyosahauliwa karibu na mafiga. Moshi huja mwisho, na ukishauona moshi umechelewa. Harufu hizi nazijua tangu nina miaka kumi, na mpaka leo mjukuu wangu akichomeka pasi chumba cha pili, pua yangu hutangulia kuliko akili. Udi nao, maskini, umeingia katika hesabu hiyo bila ya kosa lake. Wanawake wenzangu hapa mjini hawatoki kwenda harusini bila ya kufukiza nguo. Mimi zangu nazitilia asumini kavu ndani ya sanduku, basi. Nikiletewa chetezo nasema kifua kinanibana. Kifua hakinibani. Ni kwamba udi na waya unaoungua niliwahi kuvinusa pamoja, siku moja, ndani ya gari ya baba yangu, na tangu hapo havijataka kuachana.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Malindi, humu humu mjini, katika kichochoro ambacho watu wawili wenye makapu hawapishani mpaka mmoja aingie mlangoni mwa mtu. Gari haikuweza kufika kwetu. Baba, Pandu Khamis, alikuwa na gari ndogo nyeusi ya Kiingereza, yenye milango miwili tu, akiifanyia teksi, na aliiegesha nje barabarani kando ya ukuta mrefu. Akirudi alipiga honi mara mbili, na sauti ile ikaingia kichochoroni, ikapanda ngazi mpaka jikoni kwa mama, na mama akapakua. Majirani wote waliijua. Bi Kidawa wa nyumba ya kona alikuwa akisema, "Honi ya Pandu imelia, haya jueni jua limetua." Nilisoma Kurani chuoni nikahitimu, na skuli nikafika darasa la tatu, lakini nilichojifunza vizuri kuliko vyote nilikisoma nikiwa nimesimama juu ya debe, kichwa ndani ya boneti ya gari ile.

Vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vikipita pale ambapo vya baba havipiti, ndiyo maana akanitaka. Pembeni mwa mashine palikuwa na kisanduku cheusi kidogo, na ndani yake vigae viwili vya kioo, kila kimoja urefu wa fundo la kidole, chenye uzi wa madini katikati. Hizo ndizo fyuzi. Moja ililisha honi na taa ndogo ya ndani, ile iliyo juu ya vichwa vya abiria. Ya pili ililisha waipa, taa za breki na mshale wa petroli. Baba alinifundisha kwa kuuliza. "Mize, honi imekufa. Utafanya nini?" Nikajibu nitaitazama honi. "Hapana. Washa kwanza taa ya juu. Ikiwaka, ugonjwa ni wa honi yenyewe. Na ikiwa haiwaki?" "Fyuzi." "Ahaa. Kimoja kikifa, kitazame hicho kimoja. Viwili vikifa pamoja, tazama pale vinapokula." Halafu akakitoa kile kigae akakielekeza kwenye jua. Ikiwa uzi umekatika na kioo ni cheupe, fyuzi imechoka tu, tia nyingine uende zako. Ikiwa kioo kimepiga weusi kama chimni ya taa, pana waya uliochubuka mahali fulani unagusa bati, na ukitia fyuzi mpya itaungua hiyo nayo. Na unuse, akasema. Akanipa kigae nikakinusa. Ndipo nilipoijua ile harufu ya kwanza, ya nywele na kibatari.

Siku moja tulimkuta dereva mwenzake, Bwana Machano, amezungusha karatasi ya sigara juu ya fyuzi iliyokufa. Namaanisha ile karatasi ya kumeremeta inayokaa ndani ya paketi, upande mmoja fedha na upande mmoja nyeupe. Madereva wengi walifanya hivyo, kwani umeme hupita juu ya fedha ile bila ya kuuliza, na gari ikafanya kazi kama mpya. Baba alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alimpayukia mwenzake mbele ya watu. "Fyuzi ni mlinzi, Machano! Anakufa yeye ili gari ipone. Wewe umemtoa mlinzi ukasimamisha gogo mlangoni." Bwana Machano akacheka, "Pandu, wewe hata sigara huvuti, utajua wapi utamu wa paketi?" Ni kweli. Baba moshi wa sigara ulikuwa ukimkohoza mpaka machozi. Barazani akikaa na wavutaji alihamia upande wa upepo.

Mimi karatasi zile nilikuwa nikizikusanya. Wasichana wote wa mtaani tulizikusanya, tukiziokota chini ya viti vya muuza kahawa, tukazilaza juu ya goti na kuzipiga pasi kwa ukucha mpaka mikunjo yote itoke. Tulizikatia vipuli na mikufu ya watoto wa bandia. Zangu nilizitia ndani ya kopo la biskuti, na nilikuwa nazo nyingi kuliko Saada wa Bi Kidawa, jambo lililomuudhi sana.

Mwaka huo Shaaban iliingia na joto lisilo na huruma. Shaaban ni mwezi wa harusi, kila mtu anataka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani, na gari ya baba ilikodiwa karibu kila siku kuchukua maharusi. Honi ililia kutwa. Wiki ya kwanza fyuzi ya honi ikafa, kioo cheupe, baba akabadilisha. Wiki ya tatu ikafa tena, na safari hii kioo kilikuwa cheusi. Akatia fyuzi ya mwisho aliyokuwa nayo katika soksi yake ya vipuri, akaniambia, "Pana waya unachubuka kule ndani chini ya dashibodi. Jumamosi nitafungua niutafute." Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya Zuhura.

Zuhura ni dada yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba. Ndiye aliyenisuka nywele tangu nilipokuwa na nywele, ndiye aliyenishonea mtoto wangu wa bandia kwa vitambaa vya mabaki. Aliolewa na Vuai wa Chwaka, na bwana harusi akaja kukaa kwetu siku saba za fungate kama desturi. Siku ya saba, ambayo ni Ijumaa hiyo, Zuhura alikuwa apelekwe Chwaka kwa mumewe. Lori la jamaa zao lilikuja kuchukua wanawake wa shughuli, sanduku lake la nguo, kitanda na vyombo. Bibi harusi mwenyewe angekwenda kwa gari ya baba yake, yeye na Somo Mwanakombo, yule bibi aliyemfunda, kiti cha nyuma. Na mimi niliahidiwa kukaa mbele. Sikuwahi kufika Chwaka. Usiku ule kabla ya safari nililala na viatu kifuani.

Baada ya sala ya Ijumaa baba akaileta gari akapiga honi ili ndani wajue. Honi ikatoa mlio mmoja mfupi ikanyamaza. Nilikuwa nimeshaingia mbele. Nikainua mkono nikabonyeza swichi ya taa ya juu. Haikuwaka. Nikasema, "Baba, viwili pamoja." Akatabasamu kidogo kwa vile nilivyosema, kisha tabasamu likamwondoka. Akafungua boneti, akakitoa kigae. Kilikuwa cheusi tii. Fyuzi nyingine hana, na duka la vipuri vya gari kule Darajani Ijumaa hufungwa mpaka alasiri.

Gari ilikuwa nzima, nataka hilo lieleweke. Ingetembea mpaka Chwaka na kurudi bila ya honi na isidhurike chochote. Lakini Somo Mwanakombo alikuwa ameshatokeza kichochoroni, na nyuma yake Zuhura kajifunika buibui, ananukia udi kutoka mbali, wanawake wamemzungushia shuka. Somo alipoambiwa honi haifanyi kazi akaweka mikono kiunoni. "Pandu, nimemfunda mtoto wako siku saba, leo nimtoe mjini kimya? Hata jeneza lina watu wanaolisindikiza kwa dhikri!" Baba akasema, "Bi Mwanakombo, waya una ugonjwa." "Waya! Watu wa Chwaka wamesimama njiani wanasikiliza. Bibi harusi akija kimya watauliza kilichomnyamazisha. Basi apande lori, lori lina honi." Mama naye akasema bora apande lori. Wakaanza kupangana upya nani akae wapi, na nikamsikia mtu akisema watoto basi wabaki, nafasi haipo.

Mimi nikateremka garini nikakimbia nyumbani. Nikarudi na kopo langu. "Baba," nikasema, "karatasi nnayo."

Alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyezaliwa mtaani kwenu anayekuuliza njia ya kwao. Nilijua alichokuwa akikifikiri, na yeye alijua kwamba nilijua. Lakini Somo akapiga kigelegele, "Mtoto ana akili kuliko baba yake huyu!" na wanawake wakakidaka, na Zuhura kutoka ndani ya buibui akasema taratibu, "Baba, mpaka tutoke mjini tu." Baba akanyoosha mkono nimtolee moja. Nilimchagulia nzuri, isiyo na mkunjo hata mmoja. Akaizungusha juu ya kile kigae cheusi, akakirudisha mahali pake, na honi ikalia, Malindi yote ikasikia.

Tulitoka mjini kwa fahari. Pale Darajani watu walisimama, wanawake wakapiga vigelegele madirishani. Somo alikuwa akiimba nyuma, anapiga makofi, na kila akinyamaza kuvuta pumzi alisema, "Piga, Pandu!" Na baba akapiga. Tulipofika Mwera nilitarajia ataitoa karatasi, maana mji umekwisha, lakini Somo akasema na Mwera kuna watu. Lori lilikuwa nyuma yetu. Joto lilikuwa kali, vioo vimefunguliwa nusu kwa sababu ya vumbi, na gari imejaa udi wa Zuhura mpaka unauhisi ulimini.

Kabla ya Dunga niliisikia ile harufu. Nywele na kibatari. Ikapita. Nikageuza uso kumtazama baba, yeye macho yake yako njiani, na pua yake ilikuwa imejaa udi kama za wengine wote. Nikainama kidogo, kama anayefunga kiatu, nikanusa chini ya dashibodi. Ndara ya mpira. Sauti ya honi nayo ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Alama zote nilizofundishwa zilikuwa mbele yangu na hakuna mwingine ndani ya gari ile aliyezisoma. Nikanyamaza. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini, na majibu yangu ni madogo, yanatia aibu. Nikisema, baba atasimama, na karatasi itatolewa, na Somo atampandisha Zuhura kwenye lori, na mimi sitaiona Chwaka. Tena ile karatasi ni yangu. Nilijiambia ni udi tu unanuka hivyo.

Moshi ulitoka mara moja, mweusi, chini ya usukani. Baba akasimamisha gari nusu ndani ya majani. Nimesema ilikuwa na milango miwili. Waliokaa nyuma hawatoki mpaka kiti cha mbele kikunjwe. Alinisukuma nje nikaanguka juu ya mawe, akavuta kiti changu, kiti kikakwama, na moto umeshaota pale miguuni. Somo akilia, "Mwanangu! Mwanangu!" na yeye ndiye aliyekuwa upande wa mlango, mtu mzima mnene, hatoki. Baba akaingiza mikono yote miwili ndani ya ule moto, akauvuta waya mpaka ukakatika, kisha akakipiga teke kiti kikalala. Akamtoa Somo, akamtoa Zuhura. Buibui la Zuhura lilikuwa limeshika moto upindoni, na akauzima kwa mikono hiyo hiyo, akiupigapiga kama anayemlaza mtoto. Mpira wa waya ulikuwa umeyeyuka ukaganda viganjani mwake. Watu wa lori waliteremka na ndoo bila ya maji. Gari iliungua mpaka ikabaki mbavu, nasi tumesimama tunaitazama.

Zuhura aliingia Chwaka ndani ya lori, kavaa buibui la kuazima, ananuka moshi, na dereva wa lori hakupiga honi. Wanawake waliosimama kumpokea hawakujua wapige vigelegele au watoe pole. Nilimsikia mama mkwe wake akisema, "Hii ni ndege mbaya, mkosi huu." Baba aliketishwa ukumbini, mikono imepakwa mafuta ya nazi na kufungwa vipande vya kanga, na wazee wa pale wakamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nilitia karatasi ya sigara kwenye fyuzi." Mmoja akauliza, "Sigara ya nani?" Mimi nilikuwa mlangoni. Baba hakugeuka kunitazama. Akasema, "Yangu."

Neno hilo moja likatosha. Kabla hatujarudi Malindi lilikuwa limeshafika, na njiani lilikuwa limenenepa. Pandu alikuwa akivuta sigara kwa siri. Pandu alivuta ndani ya gari yenye bibi harusi, kipande kikamponyoka. Somo Mwanakombo alijua ukweli na hakuusema, kwani ukweli ungeanzia kwenye mdomo wake. Mama alijua, baba akamkataza. Vidole vya baba vilipopona vilikuwa vimejikunja ndani kama makucha ya kuku, hakuweza tena kushika usukani, na hata kama angeweza, nani ampe gari yake mvuta sigara aliyemchoma bibi harusi? Alikaa nyumbani akisuka kamba za usumba kwa taabu, na jioni hakwenda tena barazani. Chwaka, Zuhura aliitwa binti wa sigara mpaka alipozaa mtoto wa pili. Kwetu hakuna honi iliyolia tena, na Bi Kidawa akawa hana cha kumwambia kwamba jua limetua.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga baba vifungo vya shati. Asubuhi moja, labda nina miaka kumi na mbili, nilianza, "Baba, siku ile niliisikia harufu..." Akanikatiza. "Mize, ile karatasi niliitia kwa mkono wangu. Funga kifungo." Hatukulizungumza tena. Alifariki mimi nina watoto watatu. Siku ya maziko nilikuwa ndani na wanawake, na nje nikamsikia Bwana Machano, ambaye kwa kweli alimpenda, akisema kwa huzuni, "Dereva kama yule mji huu hautampata. Sigara tu ndiyo iliyomponza." Pazia lilikuwa karibu na mkono wangu. Ningeweza kulifunua nikasema. Nikanyamaza mara ya pili.

Sasa mimi ni bibi wa vitukuu, na Zuhura pia amekwisha tangulia. Mjukuu wangu Salha ana gari yake mwenyewe, anachukua wageni. Mwaka huu alinipeleka Paje kumzuru mgonjwa, na njiani redio ikazimika. "Ah, redio imekufa," akasema. Nikamwambia achomeke simu yake kwenye chaji. "Na chaji haiingizi, Bibi." "Basi fyuzi hiyo." Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Bibi! Umeyajulia wapi haya?" Fyuzi za siku hizi hazina kioo, ni viplastiki vya rangi, vidogo kama jino, lakini ukikielekeza kwenye jua bado utauona uzi uliokatika. Tulisimama kwa fundi wa kando ya njia, kijana mcheshi, akakitoa kile kijino, akaingiza mkono mfukoni akatoa bazoka ya kutafuna, akaitia mdomoni na kuanza kukunja karatasi yake ya kumeremeta. "Dakika mbili tu, Bibi, mnaondoka." Nikafungua mlango nikateremka. Nikamwambia, "Mwanangu, ukiitia hiyo, mimi nakwenda Paje kwa miguu." Akadhani nafanya mzaha. Salha, aliyeniona uso, akampigia simu mwenzake alete fyuzi, na tukaingoja saa nzima na zaidi kwenye kiti cha plastiki chini ya bati la fundi.

Hapo ndipo nilipomhadithia Salha, mtu wa kwanza kumhadithia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, pole pole, asije akaniumiza: "Lakini Bibi, tukienda Chwaka hata sisi wadogo tunaisikia hadithi ya sigara. Watoto wa Bibi Zuhura hutaniana nayo. Mtu akiwasha sigara wanamwambia, angalia usije ukamchoma bibi harusi kama babu Pandu." Nilikuwa nikifikiri aibu ile imezikwa na waliokuwapo. Kumbe bado inatembea, inachekwa na watu ambao hata hawakuiona mikono ya baba. Fyuzi ilipokuja, Salha akaitia mwenyewe, nikimwelekeza, na redio ikarudi kusoma habari.

Gari za sasa zina taa zinazowaka mbele kumwambia dereva kila kinachougua, na watoto wa kike wanaziendesha, na harusi zinapita na honi za kila sauti. Mimi kilichobaki kwangu ni kidogo, na nimechelewa nacho kwa umri mzima. Mlioko Chwaka, wasomeeni wenzenu maneno haya. Karatasi ilikuwa yangu, niliitoa koponi kwa mkono wangu. Harufu niliisikia kabla ya Dunga nikanyamaza. Na Pandu Khamis wa Malindi, baba yangu, hakuvuta sigara hata siku moja.